Dawa za mitishamba nyumbani: kukausha, kuchemsha na kutunza katika hali ya hewa ya Dar

Maswali ninayoulizwa kuhusu dawa za mitishamba ni yale yale. Tangawizi ichemke muda gani? Asali niitie ikiwa moto au ikishapoa? Majani niliyaanika vizuri, mbona yameota ukungu kwenye kopo? Mtoto wa miezi minane nimpe kijiko kimoja au viwili? Hili la mwisho ndilo lililonifanya niandike yote mahali pamoja, maana jibu lake ni kwamba mtoto huyo hapewi hata tone la dawa yenye asali, na bado wapo wazazi wanaompa.

Humu nimeweka vitu vitatu: majani makavu ya kunywa kama chai, dawa ya kifua ya tangawizi na asali, na mafuta ya kupaka ya mwarobaini. Ukivimudu hivyo, umeshajua kukausha, kuchemsha na kutoa dawa kwa mafuta, na mengine mengi utayafuata kwa njia hizo hizo. Vyote ni kwa shida ndogo: mafua, koo linalokereketa, tumbo kujaa gesi, ngozi kavu inayowasha. Malaria, homa ya matumbo, presha, kisukari na kifua kikuu havimo humu, na usikubali mtu akuuzie unga wa kwenye mfuko wa nailoni kwa madai kwamba unatibu vyote hivyo kwa pamoja.

Kabla hujawasha jiko: nani asitumie

Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali, ya aina yoyote, hata ya kulambishwa kwenye kidole. Asali inaweza kuwa na mbegu za bakteria ambazo tumbo la mtu mzima linazimudu lakini utumbo wa mtoto mchanga hauwezi. Zikiota humo hutoa sumu inayolegeza misuli, mpaka ile ya kupumulia. Kuchemsha asali jikoni hakuziui mbegu hizo.

Mama mjamzito: tangawizi ya kwenye chai ya kawaida haina tatizo kwa wengi, lakini dawa nzito ya tangawizi muulize kwanza muuguzi wa kliniki yako. Mwarobaini usinywe kabisa, majani wala mafuta. Na kama mnatafuta mtoto, mwarobaini wa kunywa uacheni vilevile.

Anayetumia dawa za hospitali kila siku, iwe za presha, kisukari, ARV au za kuzuia damu kuganda, aulize daktari au mfamasia kabla ya kuongeza mitishamba. Choya inaweza kushusha presha, kwa hiyo mtu anayemeza vidonge vya presha akinywa choya nyingi anaweza kupata kizunguzungu. Kitunguu saumu kwa wingi, hasa kile cha vidonge, kinaweza kuingiliana na baadhi ya ARV na kuongeza uwezekano wa kutoka damu. Na usiache kidonge chako kwa sababu umeanza majani. Hili nakuomba sana.

Vitu vya kuandaa

- Mizani ndogo ya jikoni, au kikombe cha chai kimoja utakachopimia siku zote (cha mililita 250 kinafaa)
- Kijiko cha chai (mililita 5) na kijiko cha chakula (mililita 15). Kwa watoto nunua duka la dawa bomba la sindano lisilo na sindano yake. Linapima vizuri kuliko kijiko
- Sufuria ya chuma cha pua au ya enameli. Ya aluminiamu itakufaa kwa kuchemshia maji na chupa, lakini usikamulie limao ndani yake
- Bakuli la kioo au la bati zito linalokaa juu ya sufuria bila kuzama
- Chujio, na kitambaa safi cheupe cha pamba ambacho hakifanyi kazi nyingine
- Ungo na kipande cha chandarua cha kufunikia
- Chupa za kioo zenye vifuniko vya kuzungusha. Usitumie chupa za soda wala za maji ya kunywa, watoto watazinywa wakidhani ni kinywaji
- Plasta ya karatasi na kalamu ya wino usiofutika

Tangawizi, ndimu, malimao na karafuu utavipata soko lolote, iwe Kariakoo, Kisutu, Buguruni au Mabibo. Mchaichai na kivumbasi vinaota uani kwa watu. Omba kwa jirani, wengi hutoa bure.

Mahali unapochuma ni jambo la kuangalia sana. Mwarobaini uko kila mtaa wa Dar, lakini ule wa pembeni ya Barabara ya Mandela au Morogoro umebeba moshi na vumbi la malori mchana na usiku. Ulio karibu na gereji unamwagiwa oili chini. Bonde la Msimbazi usichume chochote cha kunywa. Mto ule unapokea maji machafu ya viwandani na majumbani, na uchafu huo unafika mpaka kwenye mimea. Chuma uani, shuleni au kanisani na msikitini kwenye miti ya ndani ya ua, baada ya kuomba ruhusa. Na kama hujui mmea kwa uhakika, uache. Majani mengi hufanana.

Kazi ya kwanza: majani makavu ya mchaichai au kivumbasi

Hapa ndipo wengi wanaharibu, na sababu karibu kila mara ni moja: unyevu. Hewa ya Dar ina maji mwaka mzima. Mtu wa Dodoma anaanika majani asubuhi na kuyaweka kwenye kopo siku ya pili. Wewe wa Kigamboni au Mbagala ukimuiga utapata ukungu. Miezi mizuri ya kukausha ni Juni hadi Septemba, na Januari na Februari kabla ya masika. Mvua za Machi hadi Mei usihangaike kukausha, tumia majani mabichi.

1. Chuma asubuhi umande ukishakauka, kama saa tatu au saa nne. Chukua majani mazima, yasiyo na madoa wala vidudu. Mchaichai unakata mikono, vaa glavu au shika kwa kitambaa.

2. Osha kwa maji safi yanayotiririka. Kung'uta, kisha yatandaze juu ya taulo safi na uyagonge taratibu mpaka maji ya juu yaishe.

3. Mchaichai ukate vipande vidogo kwa mkasi, urefu wa pingili moja ya kidole. Kivumbasi ung'oe majani kwenye vijiti, kwa sababu vijiti ndivyo vinavyobaki na maji.

4. Tandaza kwenye ungo tabaka moja tu, majani yasilaliane. Funika kwa chandarua.

5. Weka kivulini penye upepo: barazani, au ndani karibu na dirisha na feni ikiwa inazunguka. Usianike juu ya bati wala juani. Jua kali linaondoa ile harufu, na harufu ndiyo sehemu kubwa ya dawa uliyoifuata.

6. Geuza asubuhi na jioni. Jioni ingiza ndani, umande wa usiku unarudisha maji yote yaliyotoka mchana.

7. Baada ya siku nne hadi saba, pima kwa mkono. Jani lifikiche: likivunjika na kuwa kama unga, tayari. Likikunjika bila kuvunjika, bado.

8. Tia kwenye chupa kavu, funga, iache siku tatu bila kutumia. Kisha itazame kwenye mwanga. Ukiona ukungu wa maji kwenye kioo kwa ndani, yamwage yote kwenye ungo uanike tena. Hatua hii watu wanaiona ya kupoteza muda, na ndiyo inayookoa kazi nzima.

9. Bandika plasta: jina la mmea, mahali ulipochuma, tarehe. Weka kabatini mbali na jiko. Tumia ndani ya miezi sita.

Kunywa: kijiko cha chai kimoja cha majani makavu kwa kikombe kimoja cha maji yaliyochemka. Mwagia, funika kwa kisahani dakika kumi, chuja. Usiyachemshe majani haya kwenye sufuria wazi, harufu itaenda kwa majirani na wewe utabaki na maji ya kijani. Vikombe viwili hadi vitatu kwa siku vinatosha mtu mzima.

Kazi ya pili: dawa ya kifua ya tangawizi, limao na asali

Hii ndiyo inayoulizwa zaidi. Asali peke yake inasaidia kupunguza kikohozi cha usiku cha mafua. Hilo limechunguzwa kwa watoto na si maneno ya bibi tu. Tangawizi inapasha joto koo na kutuliza kichefuchefu.

Kwanza asali yenyewe. Majaribio ya mtaani ya kuichoma kwa kiberiti au kuitia kwenye glasi ya maji hayatoi uhakika, sukari iliyopikwa vizuri inafaulu yote. Nunua kwa mtu unayemfahamu, anayeweza kukuambia imetoka wapi. Asali nyingi nzuri inayofika Dar hutoka Tabora na Singida. Kwa kazi hii chukua asali ya nyuki wakubwa. Ya nyuki wadogo ni nzuri, ila ina maji zaidi na huchacha upesi.

Vipimo: tangawizi mbichi gramu 100 (kipande kinachojaa kiganja), maji vikombe viwili, asali kikombe kimoja, malimao mawili, karafuu tatu ukipenda.

1. Chemsha chupa. Ziweke kwenye sufuria yenye maji ya baridi na kitambaa chini, kisha washa moto. Ukizitumbukiza kwenye maji yanayotokota zitapasuka. Zikishaanza kuchemka hesabu dakika kumi. Toa, zipindue juu ya kitambaa safi zikauke zenyewe.

2. Osha tangawizi kwa kuisugua, ondoa sehemu zenye ukungu. Kumenya si lazima. Itwange kwenye kinu au uikwangue.

3. Tia kwenye sufuria na maji na karafuu. Ikichemka punguza moto uwe mdogo kabisa, funika nusu, iache dakika 20 hadi 30 mpaka vikombe viwili vibaki kama kimoja. Kwenye jiko la mkaa, punguza makaa. Moto mkali unakausha maji kabla tangawizi haijatoka.

4. Ipua, chuja kwa kitambaa ndani ya bakuli la kioo na ukamue makapi.

5. Subiri ipoe mpaka uweze kuweka kidole bila kukiondoa. Hapo ndipo unatia asali na maji ya malimao yaliyochujwa. Koroga kwa kijiko kikavu.

6. Mimina kwenye chupa ndogo mbili badala ya moja kubwa, ili usifungue yote kila siku. Bandika jina na tarehe.

7. Weka kwenye friji, tumia ndani ya siku kumi. Kama huna friji, au umeme kwenu unakatika sana, tengeneza robo ya vipimo hivi na uimalize ndani ya siku mbili. Asali safi haiharibiki, lakini ukishaichanganya na maji inachacha.

Kiasi cha kutumia: mtu mzima kijiko cha chakula kimoja kwenye nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu, mara tatu kwa siku. Mtoto wa miaka sita hadi kumi na moja, kijiko cha chai kimoja, mara mbili hadi tatu. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano usimpe tangawizi hii nzito, itamuunguza koo na atakukimbia. Mpe nusu kijiko cha chai cha asali tupu kabla ya kulala. Mwenye kisukari ajue hii ni sukari, anywe maji ya tangawizi na limao bila asali.

Kujifukiza? Watu wengi hufanya hivyo pamoja na dawa hii. Kama unataka, maji ya moto yawe kwenye beseni pana juu ya meza imara, ukae kwenye kiti, dakika tano zinatosha, na uso ukae mbali kiasi cha mvuke kutokuchoma. Usiinamie sufuria iliyo jikoni. Watoto wasifukizwe kabisa, wanaungua sana kwa kumwagikiwa na maji hayo. Mafuta ya mkaratusi hayanywewi, na kiasi kidogo tu kinaweza kumdhuru mtoto vibaya.

Kazi ya tatu: mafuta ya mwarobaini ya kupaka

Kwa ngozi kavu, vipele vya joto na mba wa kichwani. Utahitaji kikombe kimoja cha majani makavu ya mwarobaini yaliyofikichwa (yakaushe kama nilivyoeleza juu) na kikombe kimoja na nusu cha mafuta ya nazi. Majani mabichi hayafai hapa, maji yake yataozesha mafuta.

1. Hakikisha bakuli, kijiko, kitambaa na chupa ni vikavu kabisa.
2. Tia majani na mafuta kwenye bakuli, liweke juu ya sufuria yenye maji kidogo yanayotokota taratibu. Mafuta yasiguse moto moja kwa moja.
3. Acha saa moja na nusu, ukikoroga mara kwa mara. Ongeza maji ya sufuria yakipungua, lakini yasirukie ndani ya bakuli.
4. Chuja yakiwa na joto, kamua, acha yatulie usiku mmoja, kisha mimina ya juu na uache masimbi chini.
5. Ukitaka marhamu isiyomwagika, pasha kikombe kimoja cha mafuta hayo pamoja na gramu 50 za nta ya nyuki mpaka iyeyuke, mimina kwenye vikopo. Dar mafuta ya nazi yanakaa majimaji muda mwingi wa mwaka, kwa hiyo nta kidogo haitashika.
6. Lebo iseme wazi: YA KUPAKA TU. USINYWE.

Kabla ya kutumia, paka tone moja ndani ya kiwiko na usubiri siku nzima. Ikiwa pametulia, endelea. Usipake kwenye kidonda kilicho wazi, machoni, wala kwenye kitovu cha mtoto mchanga, hata mama mkwe akisisitiza. Kitovu kinatakiwa kiwe kikavu na safi. Mtu akiungua moto usimpake mafuta haya wala dawa ya meno. Mmwagie maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, na kama jeraha ni kubwa au ni la usoni, nenda hospitali.

Na usitumie njia hii kwa kitunguu saumu kibichi ukaacha chupa kabatini. Kitunguu ndani ya mafuta, bila hewa, kinaweza kuotesha bakteria wa jamii ile ile niliyoisema kwenye asali, na hutaona wala kunusa tofauti yoyote.

Lini uache dawa ya nyumbani

Homa: kapime malaria siku hiyo hiyo au kesho yake. Naulizwa sana kuhusu chai ya pakanga (artemisia), kwa kuwa dawa mseto ya malaria ina kiambato kilichotokana na mmea wa artemisia. Ni kweli, na Tu Youyou wa China alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Lakini dawa ya kwenye kidonge imepimwa, na ya kwenye kikombe chako inabadilika kwa kila chungu. Shirika la Afya Duniani halishauri chai hiyo kwa malaria.

Kikohozi kilichofika wiki mbili: nenda ukapimwe kifua kikuu. Ukikohoa damu, ukitoka jasho jingi usiku au ukikonda, usingoje hata hizo wiki mbili. Mtoto anayepumua haraka, anayebonyea mbavu akivuta pumzi, anayekataa kunyonya au aliyepata degedege, apelekwe sasa hivi. Anayeharisha, maji kwanza: paketi ya ORS, au kama haipo, lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vya usawa visivyojaa kilima. Chai ya majani ya mpera haishiki nafasi ya maji hayo.

Kama unataka tiba asili kwa tatizo kubwa kuliko haya, tafuta mganga aliyesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, ambalo lipo kwa sheria ya mwaka 2002. Muombe akuonyeshe cheti chake.

Mambo yakienda vibaya

*Majani yana vumbi jeupe au harufu ya godoro lililolowa.* Ni ukungu. Tupa yote, pamoja na yale yanayoonekana mazima. Kuchemsha hakuondoi sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na ukungu. Mwaka 2016 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu Dodoma na Manyara, na yalikuwa yamepikwa ugali.

*Dawa ya kifua inatoa povu, au kifuniko kinalia ukikifungua.* Imechacha. Mwaga, chemsha chupa upya. Angalia kama kijiko chako kilikuwa na mate au maji.

*Dawa imejitenga, uji chini na maji juu.* Hiyo ni wanga wa tangawizi, haina shida. Tikisa kabla ya kunywa.

*Asali imeganda kabla sijaitumia.* Asali halisi huganda. Weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu, usiiweke jikoni.

*Tangawizi inaniunguza tumbo.* Kunywa baada ya kula, punguza kipimo nusu. Ikiendelea, acha, wenye vidonda vya tumbo wengine hawaivumilii.

*Mafuta yana matone ya maji chini.* Majani hayakukauka. Kama ni siku ya kwanza, mimina mafuta ya juu uyapashe tena juu ya maji mpaka viputo viishe. Kama yameshakaa wiki, tupa.

*Marhamu inayeyuka mchana.* Iyeyushe upya, ongeza gramu 10 za nta. Ikiwa ngumu kama mshumaa, ongeza mafuta kijiko kimoja kimoja. Jaribu kwa kudondosha tone kwenye sahani baridi kabla ya kumimina yote.

*Ngozi imekuwa nyekundu au imevimba.* Osha kwa sabuni laini na maji, usipake tena. Uso au midomo ikivimba, au pumzi ikibana, hiyo ni hospitali mara moja.

*Mtoto amekunywa mafuta ya mwarobaini au ya mkaratusi.* Usimtapishe wala usimpe maziwa ya kukata sumu. Mbebe uende kituo cha afya kilicho karibu zaidi hata kama anaonekana mzima, na uichukue chupa yenyewe ili daktari asome plasta yako ajue ni nini na kilikuwa kiasi gani.